Bomba Lililoishia Makaburini

Sikutaka kuyaandika haya. Binti wa mchungaji wetu ndiye anayenisumbua, kila Jumapili na kalamu yake, "Bibi, andika, wewe ndiye uliyebaki." Niliyebaki, kana kwamba mimi ni ukoko wa sufuria. Shule niliiona majira ya baridi tu, pamba ikishachumwa, na herufi zangu zinatembea kama kuku aliyekanyaga majivu. Lakini nimechoka kumsikia Bi Mozella Tarver akisimuliwa vibaya na watu ambao hawakumjua. Basi nitamsimulia mimi, na atakayeona nimekosea nukta na mkato akasahihishe vya kwake.

Bi Mozella alikuwa mpishi wa Bwana Hollis Crandall, mjini Pruett, jimbo la Georgia, tangu mabinti wa Crandall wakiwa bado wanatambaa. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kubeba kitu kichwani hata pale asipobeba kitu. Asubuhi alivuka reli kutoka Bondeni, ambako sisi weusi tulikaa, akapanda kwenye mji wa wazungu, ambako maji yalitoka ukutani. Jioni alishuka tena.

Bondeni tulikuwa na kisima kimoja, ubavuni mwa kanisa letu la Mlima Nebo. Mvua zikiwa njema kilitutosha. Ikifika Agosti kilitoa tope, na tope lile tulilichuja kwa kitambaa, tukalichemsha, tukalinywa. Kiangazi kimoja nyumba ya Shemasi Purvis ilishika moto mchana kweupe. Ndoo zilitoka kisimani nusu, nyingine robo. Gari la wazimamoto lilikuja mpaka relini, likasimama hapo, maana mpira wao ulikuwa mfupi na upande wetu hapakuwa na bomba la kuuchomekea. Wazimamoto walisimama na kofia zao wakitazama. Mama yake Shemasi, aliyekuwa hawezi kutembea, alikuwa ndani.

Tangu siku ile Bi Mozella aliweka moyoni jambo moja. Kabla hajafa, bomba la maji lifike kona ya kanisa. Moja tu. Hakutaka la nyumbani kwake.

Sasa, lazima mjue tulivyofundishwa kuomba. Mzungu hakuombwa waziwazi. Ukimwendea kavukavu ukasema nahitaji hiki, alisikia kwamba unamdai, na mweusi anayedai hakukaa sana mjini Pruett. Mama yake Bi Mozella alimfunza tangu anapanda juu ya kigoda kufikia jiko: mchekeshe kwanza. Akicheka, tumbo linalegea, na tumbo likilegea mkono unafunguka. Ombi lenyewe ulifiche ndani ya kicheko kama dawa chungu ndani ya asali. Kwa njia hiyo Bi Mozella alipata makaa wakati wa barafu. Alipata daktari siku mumewe Ransom alipoangukiwa na gogo kiwandani. Nusu ya watoto wa Bondeni walivaa viatu vilivyotoka kwenye mdomo wake. Watu walimjia mlangoni wakamwambia, "Bi Tarver, kanisemee," naye alikwenda kusema.

Masika moja ikatangazwa kwamba serikali ya Washington itasaidia miji midogo kuvuta mabomba. Ilikuwa ile miaka ya dhiki, watu hawana kazi. Bwana Crandall, aliyekuwa na duka la misumari na zana, ndiye aliyewekwa mkubwa wa mambo ya maji katika baraza la mji. Bi Mozella akaona Mungu amemletea bomba mpaka mezani anapohudumia.

Alimngoja Bwana Crandall awe ameshiba. Akamkatia pai ya viazi vitamu.

"Shangazi, leo umechelewa," Bwana Crandall akasema. Hivyo ndivyo walivyotuita wanawake wetu tukishazeeka, ili wasije wakalazimika kusema Bi Fulani.

"Nimecheleweshwa, Bwana Hollis. Niliteremsha ndoo kisimani, ikapanda na chura."

"Chura."

"Chura mzee, amekunja uso kama karani wa benki. Nikamwambia, shuka, hayo maji ya kunywa. Akaniambia, maji gani, Shangazi? Mimi nimepanda humu nije nikuombe wewe."

Bwana Crandall akaweka uma chini. "Chura akakuomba maji?"

"Tena kwa adabu. Kavua na kofia."

Hapo mzungu akaanza kutikisika. Bi Mozella akaona tumbo linalegea, akatia dawa. "Nikamwambia, ndugu yangu, umepotea nyumba. Mwenye maji ni Bwana Hollis kule juu. Akitutupia bomba moja pale kona ya Mlima Nebo, wewe na mimi tumepona."

Bwana Crandall alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha meza. Kisha akauliza, bado anacheka, "Na ule moto wenu, mliuzimaje bila maji?"

Hilo Bi Mozella hakuwa amelipanga. Lakini mkono ulikuwa unafunguka, aliuona kwa macho yake, na mwanamke aliyewahi kuvua samaki anajua ule wakati ambao hutakiwi kutikisa kamba.

"Kwa mate na maombi, Bwana Hollis," akasema.

"Mate na maombi," Bwana Crandall akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Tutaona, Shangazi. Tutaona habari ya hilo bomba."

Jioni ile Bi Mozella alishuka Bondeni akiimba. "Amesema tutaona," akatuambia. Kwa mzungu, tutaona ilikuwa jirani ya ndiyo. Wengine walianza kubishana bomba likae upande gani wa mlango wa kanisa.

Washington ilitaka mji nao utie chake. Chama cha wazimamoto, na mkubwa wake alikuwa huyo huyo Crandall, kikaamua kuandaa maonyesho ya masizi katika ukumbi wa shule yao. Nani asiyeyajua maonyesho yale. Wazungu wazima, mwenye duka la dawa, karani wa mahakama, mwalimu wa hesabu, wanachoma vizibo vya chupa, wanajipaka nyuso, wanajichorea midomo mikubwa myeupe, wanavaa matambara, basi wanakuwa sisi. Wanajikwaa, wanaiba kuku, wanaogopa mizimu. Mji mzima unacheka, na kesho yake mwenye duka la dawa anakuuzia vidonge na masizi bado yako nyuma ya sikio.

"Waambie watu wako wanunue tiketi za roshani," Bwana Crandall alimwambia Bi Mozella. "Maji ni ya wote."

Akatuuzia. Alipita nyumba kwa nyumba. Shemasi Purvis hakutaka. "Nikatazame watu wakinicheka, tena nilipe?" akasema.

"Shemasi, mifupa mingapi tumemeza bure?" Bi Mozella akamjibu. "Huu mmoja tunaumeza na bomba linakuja nyuma yake."

Shemasi akanunua. Nilikaa nyuma ya Shemasi na Bi Mozella roshanini, kule walikotuweka sisi weusi, joto limepanda huko juu kama ndani ya tanuri, na sote tumevaa nguo za kanisani.

Walianza na ngoma na nyimbo zao. Halafu akatoka Bwana Crandall mwenyewe, uso umepakwa masizi, mito imefungwa kifuani na nyuma, kilemba kichwani, ndoo mkononi. Na aproni aliyoifunga ilikuwa ya Bi Mozella, ile yenye kiraka cha bluu, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Bi Mozella alikuwa ameitafuta tangu asubuhi.

Mtaniona mwongo, lakini mwanzoni Bi Mozella alinyoosha shingo kwa furaha. Alidhani anasemewa. Alidhani Bwana Hollis amechukua ombi lake alitangaze mbele ya mji mzima. Chura wa matambara akapanda kwenye ndoo, kofia akavua, watu wakapiga miguu chini. Bi Mozella alikuwa anayatembeza midomoni yale maneno, anangoja yafike kwenye bomba.

Hayakufika. Pale chura alipotakiwa kuelekezwa kwa mwenye maji, Bwana Crandall alimfanya chura amtazame yule mwanamke wa mito juu mpaka chini, aseme, "Basi nirudishe kisimani, Shangazi. Heri tope kuliko kukaa na wewe." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Asali walilamba, dawa wakaitema.

Kisha wakaleta nyumba ya makaratasi. Ikawashwa taa nyekundu ndani. Wazungu wa masizi wakaizunguka mbio wakigongana, huyu anatema mate, yule anapiga magoti, na Bwana Crandall katikati anapaza sauti, "Mate, ndugu zangu. Mate na maombi."

Shemasi Purvis hakusogea. Alitazama mpaka taa nyekundu ikazimwa. Ndipo akamgeukia Bi Mozella, akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa, "Haya wameyatoa wapi?"

Bi Mozella angeweza kusema sijui. "Kwangu," akasema.

Shemasi alichukua kofia yake, akashuka ngazi. Tangu siku ile, kanisani, alipopitisha sahani ya sadaka, alimpitishia bila kumtazama.

Baraza la mji lilikutana mwanzo wa kiangazi kuamua mabomba yapite wapi. Bi Mozella akatuambia anakwenda.

"Utaenda kumchekesha nani tena?" mama yangu akamuuliza.

"Simchekeshi mtu. Nimewachekesha maisha yangu yote. Nataka nijaribu kusema."

"Watakufukuza kazi, Mozella."

"Basi nitakuwa nimesema."

Tukamfuata wachache, tukasimama ukutani, maana viti havikuwa vyetu. Alikuwepo fundi aliyetumwa na Washington, kijana mwenye buti safi. Alitandaza ramani yake mezani, akaweka kidole upande wetu wa reli. "Na huku chini?" akauliza.

"Huko ni weusi," karani akajibu.

Fundi akakitazama kidole chake. Nilidhani atasema neno. "Haya, Washington haiingilii desturi za mji," akasema, akakiondoa.

Bwana Crandall ndiye aliyemwona Bi Mozella. "Jamani, Shangazi ana neno," akasema, na tayari uso wake ulikuwa umeanza kukunjuka.

Bi Mozella alisogea mbele, amevaa kofia yake ya misiba. "Jina langu ni Bibi Mozella Tarver," akasema. "Ninakaa Bondeni. Nimekuja kuomba bomba moja, kona ya kanisa la Mlima Nebo. Watu wetu wanakunywa tope. Mwaka uliopita mama mmoja—"

Mwenye duka la dawa, mwisho wa meza, akalia kama chura. Kidogo tu, kooni.

Walijaribu kujizuia, nawapa haki yao. Karani aliuma kalamu. Halafu mmoja akafyatuka, wakafuata wote. Wala hapakuwa na chuki mle, na hilo ndilo lililonimaliza, maana chuki tulijua namna ya kukaa nayo. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtu wanayempenda.

"Samahani, Shangazi," Bwana Crandall akasema. "Endelea."

"Tunaomba maji," Bi Mozella akasema.

"Nani anaomba, wewe au chura?" mmoja akauliza, wakaanguka upya.

Bi Mozella akangoja, kama unavyongoja treni ya mizigo ipite ndiyo uvuke. Akaanza tena, polepole, kila neno limesimama peke yake. Kadiri alivyozidi kuwa mzito ndivyo walivyozidi kufa kwa kicheko. Akiinua kidevu, walimwona Crandall na kilemba chake. Alipotaja moto, aliyekuwa karibu na dirisha alisema kwa sauti ndogo, "Mate na maombi," basi hapo hata yule fundi wa Washington, ambaye hakuyaona maonyesho, alicheka kwa kuwa wengine wanacheka. Mimi nilikuwa ukutani nikimwombea Bi Mozella apate neno moja, neno ambalo wale watu hawajalivaa. Hakulipata. Yote walikuwa wameshayachukua.

"Shangazi," Bwana Crandall akasema mwishowe, anafuta macho, "mwakani nitakupandisha wewe mwenyewe jukwaani. Unanishinda."

Akagonga nyundo. Wakanyoosha mikono wote kuipitisha ramani kama ilivyo.

Bomba lilichimbiwa kiangazi kile. Vijana wetu ndio waliolichimbia, kwa kibarua. Lilipita benki, likapita shule yao, likateremka mpaka makaburi ya wazungu kandokando ya reli, likaishia hapo, ili maua yasikauke. Kutoka barazani kwetu uliuona mdomo wa bomba ukimeta jua likiupiga. Wafu wao walipata maji kabla ya wazima wetu.

Bi Mozella hakufukuzwa. Angefukuzwa kwa kuchekesha? Alirudi jikoni, akapika kama kawaida, ila kinywa alikifunga. Akiulizwa, alijibu ndiyo Bwana, hapana Bwana.

"Shangazi, chura hajambo?" Bwana Crandall alimuuliza.

"Hajambo, Bwana."

"Hana jipya?"

"Hana, Bwana."

Alidhani ukimya huo hawatauweza. Alituambia, "Wasichokisikia hawawezi kukiiba." Mwaka uliofuata wakafanya maonyesho tena, mara hii kwa ajili ya sare za bendi. Sisi hatukwenda. Lakini msichana aliyefua kwa karani wa mahakama alikuwa nyuma ya jukwaa akipiga pasi, akatuletea habari. Bwana Crandall alitoka na ile aproni, akasimama katikati, mkono kiunoni, kidevu juu, asiseme neno. Akasimama tu. Wakamuuliza hili na lile, akajibu, "Ndiyo Bwana. Hapana Bwana." Msichana alisema watu walicheka kuliko mwaka wa chura.

Bi Mozella aliposikia alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua. "Hata hilo," akasema. Basi.

Agosti ile kisima kilikauka chote. Hata tope halikutoka. Wenye magari ya nyumbu walileta maji kutoka mtoni, na maji ya mto yakaleta homa ya tumbo. Mjukuu wa Shemasi Purvis, Lurleen, kasichana kembamba kama fimbo, alilala kitandani midomo imepasuka, na waliomnywesha yale ya mtoni walijua wanachomnywesha.

Bi Mozella akachukua ndoo mbili akavuka reli, akaenda makaburini. Mlinzi wa pale alikuwa mzungu fukara mmoja aliyeitwa Yancey, na bomba lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kwake.

"Unakwenda wapi na ndoo?"

"Kumwagilia kaburi la mama yake Bwana Hollis." Na kweli alikuwa amemuuguza bibi yule mpaka mwisho.

"Kaburi moja, ndoo mbili?"

"Alikuwa mtu mnene, Bwana."

Lilimtoka lenyewe. Mazoea ni kama kikohozi. Yancey akacheka, halafu akamtazama vizuri. "Aisee, wewe si ndiye yule wa chura? Mimi siku ile nilikuwa zamu, sikuiona. Hebu nifanyie."

"Nina haraka, Bwana Yancey."

"Na mimi nina ufunguo."

Mimi nilikuwa upande wetu wa reli na ndoo yangu tupu, niliyasikia haya yote. Bi Mozella alisimama kati ya yale mawe meupe na maua yaliyolowa. Alitazama kufuli. Akaweka ndoo chini, akaanza kisa chake: Niliteremsha ndoo kisimani, ikapanda na chura. Alisema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayesoma tangazo la mnada, na Yancey alicheka vilevile. Alipofika kwenye kofia, akavua ya kwake. Alipofika kwenye mwenye maji kule juu na bomba la kona ya Mlima Nebo, aliyasema yote, hakuruka neno, na Yancey alikuwa ameshaacha kusikiliza, anafungua kufuli.

"Kesho uje tena," Yancey akamwambia. "Nitamleta shemeji yangu asikie."

Alivuka reli na ndoo zake bila kumwaga. Akaenda moja kwa moja kwa Shemasi Purvis. Shemasi alitoka mlangoni, akaona maji meupe, akayaona makaburi kule nyuma yake, akajua yametoka wapi na yamelipiwa na nini. Hakuuliza. Alizipokea ndoo zote mbili, akaingia ndani. Bi Mozella akabaki barazani akingoja arudishiwe, maana kesho angezihitaji.

Lurleen alipona. Bi Mozella alikwenda makaburini mpaka mvua ziliponyesha, na kila siku alisimulia chura, kwa Yancey, kwa shemeji yake, kwa yeyote aliyepita. Bomba la Bondeni lilikuja yeye akiwa ameshazikwa, na kiongozi aliyelifungua siku ile alijishukuru mwenyewe.

Pale maktaba ya Pruett kuna picha ukutani, kwenye ngazi za kupanda juu. Ni Bwana Crandall na masizi yake, mito, ndoo, na aproni yenye kiraka. Chini wameandika, "Shangazi Chura, kipenzi cha mji." Watoto wetu wanapita pale wanauliza kama kweli alikuwepo mwanamke mcheshi hivyo.

Magoti yangu hayapandi tena zile ngazi. Wewe uliyesoma mpaka hapa una magoti. Nenda. Simama mbele ya yule mkutubi wa dirishani, umtajie jina kamili, Bibi Mozella Tarver, umwambie waliandike chini ya ile picha, na kwamba alikuwa anaomba bomba. Usimchekeshe. Akicheka, baki hapohapo mpaka amalize, useme tena. Kisha upite kwangu unieleze amejibu nini. Niko barazani siku zote, na sitaki kusikia kwamba ulikuta pamefungwa.